Kondoo wa Mfereji

Sitamsifu. Watu wakieleza habari za wazee waliowafahamu huanza kwa kuwasugua wang'ae kama sufuria za mgeni, na mimi nafasi hiyo sina. Nina mtoto mgongoni na maharage yanangoja palizi. Naandika habari za Mzee wa Mfereji kwa sababu nimekuwa na hasira naye kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kuwa na hasira na mtu yeyote, mume wangu akiwemo. Ukimkasirikia mtu muda wote huo, mwisho unamjua kuliko ndugu zake wanavyomjua.

Jina lake nalijua, ila halikuwa na kazi. Huku kwetu juu ya Makumira maji ya kumwagilia hayachotwi ovyo. Yanatoka kwenye banio, kule juu msituni ambako mto umezibwa kwa mawe na magogo, yanateremka kwa mfereji mmoja uliochimbwa na babu zetu, na kila shamba lina zamu yake. Anayegawa zamu ndiye Mzee wa Mfereji. Mangi, mtawala wetu, akikuita unaweza kuchelewa. Bwana Shauri, Mjerumani wa boma la Arusha, akikuita unaweza kujificha kwenye migomba mpaka askari wachoke. Mzee wa Mfereji akikuita unakwenda na tope mikononi, maana akinuna yeye, migomba yako nayo inanuna.

Kazi yake aliifanya kwa kijiti. Alikichomeka kando ya mfereji, mahali pasipo na kivuli cha mti, akapanga vijiwe kukizunguka, kila nyumba na jiwe lake. Kivuli cha kijiti kikigusa jiwe lako, maji ni yako. Kikiliacha, si yako tena, hata kama umebakiza tuta moja. Siku za mawingu alikadiria kwa macho, na hakuna aliyebisha, kwa sababu siku hizo alianza kwa kujipunja yeye mwenyewe. Wamisheni waliwahi kumshauri agawe maji kwa kengele yao, wakamwambia kengele haidanganywi na mawingu. Akawauliza kengele inapigwa na nani. Wakamwambia inapigwa na mtu. Akasema basi mtu huyo anaweza kulala, jua halilali.

Alikuwa na maneno mawili ya kumalizia kila shauri. Ukimlalamikia jirani, ukimwomba zamu ya ziada, ukimletea habari za msiba, alikusikiliza mpaka mwisho akiwa ameinamisha kichwa, kisha akasema, "Nimesikia. Sasa nenda." Hakusema atafanya nini. Wengine walirudi nyumbani wakifurahi, wengine wakilia, na wote walikuwa wameambiwa maneno yale yale.

Alikuwa mchoyo. Lazima niliseme hili. Ukienda kwake saa ya kula, alikuambia wazi kwamba unaonekana umeshiba, akageukia kibuyu chake na kunywa maziwa mgando mbele yako. Mkewe ndiye aliyekuwa akitupitishia bakuli la loshoro kwa nyuma ya nyumba, mahindi na maziwa yake, huku akituomba tule upesi. Lakini mjane aliyekaa mwisho wa mfereji, ambako maji hufika yakiwa yamechoka, alikuwa akipata nusu ya zamu ya Mzee mwenyewe kila siku ya kiangazi. Siku mjane yule alipokwenda kumshukuru, alimfukuza kwa sauti hadi watu wakadhani amemkamata akiiba.

Hakubatizwa. Jumapili alisimama nje ya kanisa, upande wa dirisha, amevaa koti kuukuu la askari ambalo hakuna aliyejua alilipataje. Alisikiliza nyimbo zote, na mahubiri yakianza aliondoka. Nilimuuliza siku moja kwa nini asiingie akae kama watu. Akaniambia nyimbo ni kama maji yanayogawanywa, kila mtu anapata funda lake. Mahubiri anakunywa mtu mmoja na wengine wanatazama.

Mimi aliniita Mama Shule. Si kwa heshima. Nilikuwa nimesoma shule ya misheni mpaka mwisho, kisha nikaendelea na shule ya juu, ile wanakofundishwa wasaidizi wa walimu, ambako wasichana tulihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Niliporudi na kuolewa, Mzee aliona hiyo ni hasara kwa mume wangu. Alimwambia mbele yangu kwamba mke anayesoma ni kama ng'ombe anayejua njia, hutamchunga tena. Hata hivyo ni mimi aliyeniletea koti lake nimsomee vifungo. Nikamwambia hakuna maneno, ni picha ya tai na taji tu.

"Kumbe nimebeba kifuani picha ya watu wasionijua," akasema, akalivaa tena.

Jambo moja hakulegeza kamwe: mwanamke hakanyagi banio. Tulifyeka kingo, tulizibua matope, tulibeba mawe, lakini mahali maji yanapoingia mfereji hatukufika. Na mara moja kwa mwaka, kabla ya mvua za masika, wanaume wakishamaliza kusafisha mfereji, Mzee alipanda banioni na kondoo. Kondoo huyo alichangwa na nyumba zote. Alifungwa mlangoni kwa Mzee tangu alfajiri, shingoni amevishwa jani la sale, ambalo kwetu hubebwa na mtu anayeomba amani, awe anaiomba kwa mtu au kwa maji. Nyama yake hailiwi. Mzee alipanda naye peke yake na kushuka peke yake, na mvua zikija vizuri watu walisema amepanda vizuri.

Sasa niseme la nyumbani kwangu, maana bila hilo Mzee huyu hawezi kueleweka.

Mume wangu alimkata jirani yetu kwa jembe. Silipambi. Ilikuwa asubuhi ya siku ya kusafisha mfereji, na zamu ya kwanza ya maji ilikuwa yetu. Mume wangu alikuta tuta limebomolewa na maji yanakwenda kwenye maharage ya Saruni, jirani wa ng'ambo ya mfereji. Walitukanana. Saruni alimsukuma akaanguka kwenye tope. Mume wangu aliinuka na jembe, akampiga begani, na mkono ule ukafunguka mpaka mfupa ukaonekana. Saruni hajaweza tena kuinua mkono huo juu ya kiuno. Mke wake ni rafiki yangu, tulichota maji pamoja kabla ya hayo na tunachota pamoja sasa, lakini kuna miezi katikati ambayo kila mmoja alichota peke yake.

Kwetu, ukimwaga damu ya jirani, kondoo wako lazima afike kwake kabla damu haijakauka. Akifika mapema, jambo ni la watu wawili. Damu ikikauka kabla ya kondoo, jambo linakuwa la watoto na wajukuu. Kondoo wetu walikuwa mbali, kwa kaka zangu, kwenye malisho ya Njiro. Mume wangu akakimbilia kwa mtu wa kwanza aliyemfikiria, na damu bado mikononi. Mlangoni kwa Mzee wa Mfereji alikuwa amefungwa kondoo, na jani la sale shingoni.

Hayo sikuyajua siku hiyo. Nilichojua ni kwamba mume wangu alitokea na kondoo, akaenda kwa Saruni akapiga magoti, na baba yake Saruni akalichukua lile jani akalichomeka juu ya mlango. Kwetu jambo lilikuwa limeisha, yaani limeanza kuisha: palibaki asali, palibaki mtamba wa kupeleka, palibaki kumlimia Saruni shamba mpaka apone. Lakini Saruni alipelekwa misheni afungwe jeraha, na huko habari zilifika kwa askari. Kesho yake walikuja na kamba.

Shauri lilisikilizwa barazani, kwenye boma la Arusha. Bwana Shauri alikaa mezani, na mkalimani wake, mtu wa pwani mwenye kanzu safi, akasimama kando. Saruni alisema kweli tupu: waligombania maji, akakatwa, na kondoo akaletwa kabla jua halijafika utosini. Nilidhani neno hilo la kondoo litatuokoa. Ndilo lililotuzamisha. Bwana Shauri aliuliza mara mbili ili ahakikishe: kondoo alikuwa tayari? Amevishwa jani? Saa hiyo hiyo? Kisha akasema, na mkalimani akatafsiri polepole, kwamba mtu anayempiga mwenzake kwa hasira ya ghafla hana kondoo wa msamaha aliyevishwa tayari. Mwenye kondoo kama huyo alikwisha kupanga tangu jana. Akamuuliza mume wangu kondoo alitoka wapi.

Mume wangu akasema, "Ni wangu."

Nilimtazama. Kondoo wote tuliokuwa nao niliwajua kwa masikio yao.

Akahukumiwa viboko, ambavyo alipigwa siku hiyo hiyo, na miaka mitatu ya mnyororo, na akaitumikie pwani. Waliopelekwa pwani na mnyororo kutoka huku kwetu, sijamwona hata mmoja aliyerudi. Na Mzee wa Mfereji alikuwepo. Alikuwa amekaa ukutani pamoja na wanaume wengine, kwenye koti lake la tai, ameinamisha kichwa kama anavyosikiliza kila shauri. Lilipokwisha, aliinuka, akakung'uta vumbi, akarudi nyumbani kuangalia kijiti chake.

Wafungwa waliwekwa kwanza kuvunja mawe ya barabara karibu na mto Kijenge, wakingoja safari ya pwani. Wake tuliruhusiwa kupeleka chakula, na askari aligeuza uso kama amepata ndizi zake. Nilikaa mbele ya mume wangu nikamuuliza kondoo alikuwa wa nani. Alikula kwanza. Kisha akaniambia. Alikuwa ameomba msaada tu, hakujua ataambiwa nini, na Mzee alifungua kamba mwenyewe, akamwambia mchukue, nenda, damu inakauka. Yeye Mzee akapanda banioni mikono mitupu, akashuka, na watu wakadhani mambo yamekwenda kama kila mwaka. Ikijulikana kwamba aliitoa sadaka ya maji kwa shauri la mtu mmoja, watamnyang'anya mfereji, na mvua zikikosekana watasema ni yeye.

"Usimtaje," mume wangu akasema. "Alinisaidia."

"Wewe umefungwa shingo," nikamwambia, "hujafungwa akili. Alikusaidia asubuhi akakuuza mchana."

Alinirudishia bakuli, akauliza kama Anaeli, mtoto wetu, ameota jino.

Mkalimani ndiye aliyenieleza habari za rufani. Nilimngoja nje ya boma na mtoto mgongoni, nikamwamkia, nikamuuliza kwa Kiswahili cha shule kama neno la Bwana Shauri ndilo la mwisho. Alinitazama kama mtu aliyesikia kuku akihesabu. Akanivuta kivulini. Alisema hukumu ndefu namna ile haifungiki Arusha. Inapelekwa Dar es Salaam kwa bwana mkubwa, inarudi na muhuri. Kabla ya muhuri, mtu akileta rufani yenye shahidi mpya, Bwana Shauri anaweza kulifungua shauri tena, maana hapendi bwana mkubwa amkute amekosea.

"Baada ya muhuri, binti," akasema, "mlete hata malaika."

Rufani niliiandika kwa mkono wangu usiku huo huo na kuipeleka asubuhi. Karani aliipokea, akaisoma, akauliza nani ameiandika, akaniuliza tena. Akaniambia shahidi aje siku ya baraza. Mimi sikuwa na shahidi. Nilikuwa na mzee wa kijiti.

Mara ya kwanza nilimkuta peke yake kando ya mfereji. Nilisema yote, sikupunguza. Nilimwambia muhuri uko njiani. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema amesikia, sasa niende. Nikaenda, kwa sababu nimelelewa vizuri.

Mara ya pili sikwenda. Nilisimama pale pale. Akaendelea kupanga vijiwe vyake kana kwamba mimi ni mgomba. Ndipo nilipoona kitu ambacho kabla sikuwa nimekiona: jiwe letu, jiwe la nyumba yangu, alikuwa amelisogeza upana wa vidole viwili. Alikuwa akituongezea maji. Mume wangu anavunja mawe Kijenge, na yeye ananilipa kwa kivuli cha kijiti. Nadhani hakuna jambo lililowahi kunikasirisha kama lile. Niliinama nikalirudisha jiwe mahali pake. Tukatazamana.

Mara ya tatu nilipanda msituni. Nilijua siku anayokagua banio. Nilitangulia, nikasimama hatua chache kutoka kwenye mawe ambayo mwanamke hakanyagi, nimembeba Anaeli, nikangoja. Alipotokea na fimbo yake na kuniona, alisimama. Nilimwambia kwamba asipokubali kuja barazani, ninakwenda kukaa juu ya banio, mimi na mtoto wa kike, na nitanyonyeshea pale, na yeye atafute wa kulisafisha.

Alikaa kwenye gogo. Mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka.

"Mama Shule," akasema, "huu mfereji unanidai kondoo mmoja tayari. Unataka nidaiwe na wa pili?"

"Nataka mume wangu."

Akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba alikuwa na mpango. Alikuwa anangoja masika. Mvua zikija vizuri, atasema kila kitu, na nani atamlaumu kwa kondoo mmoja wakati mashamba yamelowa? Zikija vibaya, atakaa kimya mpaka afe, maana watu wenye njaa hawasikii maelezo. Alikuwa amelipima jambo hilo kama anavyopima maji, kila kitu na jiwe lake, ila la mume wangu hakuliweka.

"Mvua na muhuri," nikamuuliza, "kipi kitatangulia?"

Alitazama mbingu kupitia matawi. Ilikuwa nyeupe tu, haina hata doa. Alikaa muda mrefu hata Anaeli akalala. Mwishowe akasema amesikia, na nishuke, nisije nikateleza. Sikujua kama hilo ni ndiyo au hapana. Nilishuka nikiwa nimemwachia banio lake safi, na nusu ya moyo wangu ikanilaumu kwa hilo.

Siku ya baraza nilipita Kijenge alfajiri, nikafika boma kabla halijafunguliwa. Jua lilipokuwa limepanda kidogo niliwaona wanakuja kwa barabara ya Usa, inayotoka kwetu. Hakuwa peke yake. Alikuja na wazee wote wa mfereji, kila mmoja na fimbo yake, wakinung'unika kwa uchovu wa njia. Aliwaambia wanaitwa boma, hakuwaambia kwa nini. Baadaye alinieleza kwamba hakutaka wapate habari zake kutoka kwa wanawake kisimani. Kama ni kunyang'anywa, anyang'anywe na watu waliosikia kwa masikio yao.

Alivua koti la tai kabla ya kuingia, akalikunja, akanipa nimshikie. Akasimama mbele ya meza kwa shuka yake tu, na mara ya kwanza nikaona jinsi alivyo mdogo wa mwili.

Alisema, "Kondoo alikuwa wa mfereji. Nilimfunga mimi alfajiri, na jani nilimvisha mimi, kwa ajili ya maji. Mtu huyu alikuja na damu mikononi, hana hata kuku. Nikampa. Maji niliyapelekea mikono mitupu."

Nyuma yangu wazee waliacha kunung'unika.

Mkalimani akatafsiri kwa maneno machache. Mzee, ambaye Kijerumani hakukijua hata cha kuamkia, akamwambia amesema mengi zaidi ya hapo, aseme yote, hasa lile la mikono mitupu. Mkalimani akamtazama, akasema yote. Bwana Shauri aliandika. Kisha akauliza swali moja: shauri lilipokuwa linasikilizwa mara ya kwanza, shahidi alikuwa wapi?

"Pale ukutani."

Kwa nini hakusema?

Mzee aligeuka akawatazama wenzake, si Bwana Shauri. Akasema, "Kwa sababu naipenda kazi yangu."

Nimeyafikiria maneno hayo mara nyingi. Angeweza kusema aliogopa boma, na kila mtu pale angemwelewa. Angeweza kusema mila. Mpaka leo sijui kama nimchukie kwa jibu hilo au nimheshimu, na siku nyingine nafanya yote mawili kabla ya chakula cha mchana.

Shauri likafunguliwa tena. Kosa la kukata lilibaki, na lilistahili kubaki. La kupanga liliondolewa. Miaka mitatu ya pwani ikawa mwaka mmoja tangu siku aliyokamatwa, hapa hapa Arusha, ambako ningeweza kumpelekea chakula. Viboko havikurudishwa, viboko haviwezi kurudishwa.

Wazee hawakungoja hata kufika nyumbani. Walikaa kando ya barabara, ng'ambo kidogo ya Kijenge, wakalimaliza. Kondoo amlipe. Kijiti akitoe. Na mwaka mzima shamba lake lisiwe na zamu. Alisimama akisikiliza ameinamisha kichwa, na walipomaliza, aliwaambia amesikia. Lile neno la pili, la "Sasa nenda", hakuwa na haki nalo tena, nao ndio walioondoka.

Muhuri wa hukumu mpya ulifika siku chache baadaye. Mvua zilikuja baada ya muhuri. Zilikuja nzuri, za namna ambayo watu walikuwa hawajaiona kwa miaka, mlima Meru ukajifunika mawingu, mfereji ukafurika, maharage yakapanda mpaka kwenye migomba. Watu waliohukumu walinyamaza. Lakini waliyoyasema hawakuyarudisha, na masika yakishapita hakuna mvua ya kumsaidia mtu asiye na zamu.

Mume wangu alirudi kiangazi kilichofuata. Ana kovu la mnyororo shingoni na haongei sana. Alikwenda kwa Saruni siku ya pili yake, na asali, kisha akaanza kumlimia.

Mzee nilikutana naye wiki iliyopita. Zamu ilikuwa yetu, na mume wangu alikuwa shambani kwa Saruni, kwa hiyo nilisimamia maji mimi, Anaeli nimemketisha kwenye nyasi za ukingo. Shamba la Mzee limepakana na mfereji, chini kidogo ya letu. Mwaka wake wa adhabu ulikuwa umebakiza wiki chache. Migomba yake ilikuwa imekunja majani, na yeye alikuwa amekaa kingoni, kwenye koti lake, anatazama kule juu ambako mzee mpya amechomeka kijiti.

Nilimwamkia. Akaitikia, akaniambia kijiti kimechomekwa vibaya, kimeinama, watu wa mashariki wanapunjika. Nikamwambia akawaambie. Akasema hawajamuuliza.

Kisha akasema, kama mtu anayekumbuka mbuzi aliyemuuza mapema, "Ningengoja kidogo tu, mvua ile ingenifuta kila kitu."

"Na mume wangu angekuwa pwani."

"Ndiyo," akasema. "Angekuwa pwani."

Nilipita kando yake. Nilipofika mahali mfereji unapobana, nikakanyaga ukingo kwa kisigino, nikaukandamiza, mpaka maji yakapata mlango mdogo na kuanza kuteremka kuelekea migomba yake. Sikumtazama. Niliendelea kulima kama sijui.

Alisimama. Alishuka kingoni polepole kwa sababu ya magoti, akachota tope kwa mikono miwili, akaziba mahali pale, akapiga kwa kiganja mpaka pakawa pagumu. Maji yakarudi kwangu yote.

"Mama Shule," akasema, "zamu yako inavuja. Angalia."

Jembe nililitupa chini. Nilimwambia kwamba bado nina hasira naye. Nilimwambia kila ninapoliona lile kovu nakumbuka ukuta wa boma na yeye amekaa pale. Nilimwambia pia kwamba mtoto wangu ana baba kwa sababu yake, na kwamba jambo hilo halinipunguzii hasira, linaniongezea, maana sasa sijui niiweke wapi.

Alikuwa ameinamisha kichwa, tope linamdondoka vidoleni.

"Nimesikia," akasema.

Nilingoja lile neno la pili. Maji yalipita, kivuli kule juu kikasogea, na neno halikuja. Alivua koti lake, akalitandika kingoni upande wa pili wa Anaeli, tai ikaangalia chini kwenye majani.

Nikakaa.